Msaada Uliohamishwa

Auleria alirudishwa ofisini kwake akiwa na pingu. Chumba kile kidogo nyuma ya ukumbi wa zamani, kule juu mjini Ngara, yeye ndiye aliyekuwa akikifungua kila asubuhi. Kwanza hufagia, hujaza mtungi wa maji ya wageni, ndipo huwasha mashine. Safari hii mlango ulifunguliwa na polisi, naye akasita kizingitini utadhani yeye ndiye mgeni.

"Mfungue pingu," Inspekta Msaidizi Scolastica alimwambia Koplo Wiston. Kisha akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Auleria alijibu. Si jambo dogo kuamkiwa na mtu aliyeshika jalada la kukupeleka mahakamani.

Chumba kilikuwa mabaki ya shirika dogo lililoitwa Ukoo Mmoja. Lilifika wilayani enzi za kambi za wakimbizi, likaandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Shirika lilishafunga virago zamani. Liliacha makabati, mabenchi na kompyuta moja ya kizamani, yenye kioo cheusi na herufi nyeupe, isiyojua kipanya wala intaneti. Lakini watu hawakuacha kuja. Mpaka leo mtu hutoka ng'ambo ya mpaka, au Biharamulo, au hata mbali zaidi, akauliza jina la mtoto ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Auleria, aliyekuwa karani tangu enzi zile, alibaki na ufunguo kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka.

Wiki hiyo alikuja mwanamke kutoka Burundi, Nizigiyimana, akimtafuta binti yake Irakoze. Jina likapatikana. Kabla karatasi haijatoka, umeme ukakatika, mama wa watu akaambiwa arudi kesho. Kesho yake, mbele ya macho yake, kumbukumbu ya Irakoze ikafutika. Tena ilifutika kwa mkono wa Auleria na kwa neno la siri la Auleria, kwa maana mashine ile haifuti mtoto yeyote bila neno hilo. Mkalimani aliyekuja na yule mama akapiga kelele kwamba karani amehongwa. Mji mzima ukaamini, na mkuu wa Scolastica naye alikuwa njiani kuamini.

"Mama," Scolastica alisema, "nataka ufanye kila kitu kama ulivyofanya siku ile. Usiruke hata hatua moja."

Auleria aliketi. Akawasha mashine, ikakoroma, ikauliza tarehe. Akaandika tarehe. Orodha ya majina ikapanda kwenye kioo.

"Orodha hii hutoa jina na kambi tu," alieleza. "Mengine yote, nani alimchukua mtoto, alipelekwa wapi, hutoka kwenye karatasi. Sasa nilitaka kutoa karatasi. Nikabonyeza msaada."

"Kwa nini? Si umefanya kazi hii miaka yote?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Kabla ya kidole, macho. Mimi sibonyezi kitu sijasoma, hata kama nakijua." Alionyesha mstari wa chini wa kioo, uliojaa maneno ya Kiingereza. "Haya mimi siyajui. Msaada uko kwa Kiswahili. Mwalimu ndiye aliyetuandikia."

Mwalimu huyo alikuwa Leonidas wa Mabawe, baba yake Scolastica mwenyewe. Enzi za kambi alikuwa msimamizi wa mashine hii. Alipoona makarani wanahangaika na lugha ya watu, alikaa akaandika upya kurasa zote za msaada kwa Kiswahili chepesi. Scolastica alikua akisikia nyumbani habari za kurasa hizo, kama watoto wengine wanavyosikia habari za ng'ombe wa babu.

Auleria akabonyeza F1. Ukurasa ukafunguka, akausoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari.

"'Usiogope. Kutoa karatasi ya mtoto, weka mshale kwenye jina lake. Bonyeza F8. Mashine itakuuliza neno lako la siri. Liandike. Itakuuliza kama una hakika. Jibu ndiyo. Subiri.'" Akaondoa kidole kwenye kioo. "Nikasubiri. Jina likaondoka."

"Siku zote ulikuwa unabonyeza F8?"

"Sikumbuki namba, mwanangu. Ndiyo maana ya kusoma. Neno la siri niliona geni, lakini nikasema labda kwa sababu umeme ulikatika." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Kila ukurasa wa Mwalimu huanza hivyo. Usiogope. Iliniambia nisiogope!"

Wiston, ambaye alisomea kompyuta kabla ya kuvaa magwanda, alikuwa ameinamia kioo. Alisoma ule mstari wa Kiingereza chini, kisha akasoma tena ukurasa wa msaada.

"Afande," alisema polepole, "F8 ndicho kitufe cha kufuta. Kutoa karatasi ni F6. Msaada huu unadanganya."

Scolastica aliondoa macho kwenye kioo. Alimtazama Auleria, mtu mzima aliyelala chini kwenye sakafu ya mahabusu kwa kutii maandishi, na hasira ikampanda. Ulaghai ameuona mwingi kazini. Wa kumtegea mtu ndani ya msaada wake mwenyewe hakuwahi kuuona.

"Mama, jana yake nani aliingia humu?"

"Yule mkalimani, Bizimana, alikaa hapa nilipokwenda kuteka maji. Halafu hakuna. Mwalimu tu, jioni umeme uliporudi. Alikuja kupangusa mashine vumbi kama kawaida yake, nikamwachia ufunguo." Auleria akajaribu kutabasamu. "Nilikuwa nimempigia simu mchana kumpa habari njema. Ndiyo desturi yetu. Kila mtoto akipatikana, mimi humpigia Mwalimu, tunafurahi wote."

Scolastica aliandika jina la Bizimana. La pili hakuliandika.

*

Bizimana alikuwa barazani, kwenye benchi moja na Nizigiyimana. Yule mama alikaa wima, mikono magotini, macho hayabanduki mlangoni. Tangu siku ile hakukubali kuondoka pale ila kwenda kulala. Scolastica alipopita, yule mama alisimama, akauliza kwa Kirundi, lugha ambayo Mhangaza yeyote, mwenyeji wa Ngara, anaielewa kama ya jirani yake.

"Umwana wanje?" Mwanangu je?

"Bado, mama. Tunamtafuta."

Bizimana aliingizwa ukumbini. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na polisi walimkuta na flashi mfukoni siku ya tukio.

"Ulibaki peke yako na mashine," Scolastica alianza.

"Muda wa mtu kuteka maji, afande. Nilikaa benchini."

"Na hii flashi?"

"Nyimbo za kwaya. Sikilizeni wenyewe."

"Tumesikiliza. Nauliza kama uliichomeka humo ndani."

"Ningechomeka wapi?"

Jibu lilikuwa la kijeuri, lakini Scolastica alilichukua akaenda nalo. Alirudi chumbani, akaizunguka mashine mbele na nyuma, akapapasa. Palikuwa na mdomo mpana wa kumeza diski za zamani, zile bapa, lakini tundu la flashi halikuwepo. Ilitengenezwa kabla flashi hazijazaliwa. Bizimana angekuwa na ubaya wowote moyoni, asingepata pa kuuingizia, na muda wa kujaza mtungi hautoshi mtu kuandika kurasa za uongo kwa kidole kimoja.

"Kwa nini ulimpigia kelele mama Auleria kwamba amehongwa?" alimuuliza aliporudi.

Bizimana alitazama chini. "Nimewakalimania watu wengi hapa, afande. Wengi hurudi mikono mitupu. Huyu jina la bintiye lilionekana. Nililiona kwa macho yangu. Halafu likaondoka. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Scolastica akamrudishia flashi yake na nyimbo zake.

Wiston alimwita. Jasho lilikuwa limemtoka ijapokuwa ukungu wa Ngara ulikuwa bado umelalia madirisha.

"Nimejaribu msaada wa mambo mengine, afande. Kutafuta jina, kuongeza jina, kufuta. Kote mashine inasema msaada haupo. Umebaki ukurasa mmoja tu, huu wa uongo."

"Nyingine zimefutwa?"

"Ndivyo nilivyodhani. Nikaiambia mashine inionyeshe folda zote, moja baada ya nyingine. Mafaili ya msaada hayakufutwa. Yamehamishwa. Yako kwenye folda nyingine, ndani ya folda, ndani ya folda, na ile ya mwisho imefichwa isionekane. Yamo yote, mazima."

"Yalihamishwa lini?"

"Mashine haijui. Betri ya saa yake ilishakufa. Usipoiandikia tarehe ikiwaka, inaamini tuko mwaka themanini. Aliyehamisha hakuandika."

"Sasa mtu akitaka kubadili ukurasa mmoja, kwa nini ahamishe zote?"

Wiston akafungua ukurasa wa zamani wa kufuta, uliokuwa mafichoni. *Usiogope, lakini simama hapa kwanza. F8 hufuta mtoto moja kwa moja, harudi. Ukiulizwa neno la siri, jua unafuta.*

Scolastica alimgeukia Auleria. "Mama, ukisoma msaada unasoma ukurasa mmoja?"

"La. Nasoma na wa jirani zake. Wa mbele na wa nyuma. Mwalimu alisema ukurasa mmoja ni kama shahidi mmoja."

Basi ikawa wazi, na Scolastica alitamani isingekuwa. Mhalifu asingeweza kuuacha ukurasa wa kufuta mahali pake, kwa sababu Auleria angeupitia na mtego ungefyatuka mtupu. Kwa hiyo mhalifu alijua namna Auleria anavyosoma. Alijua kwamba bila neno la siri la Auleria mashine haifuti, ndiyo maana aliuhitaji mkono wake. Alijua kuandika "usiogope". Tena hakufuta kurasa. Anayefuta amemaliza shughuli, lakini anayehamisha anakusudia kurudisha. Alizionea huruma kurasa, asimwonee huruma mtu.

"Koplo," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, "zihamishe tena. Zitoe huko zilikofichwa, uziweke kwenye folda nyingine unayoijua wewe peke yako. Ile ya mafichoni iache tupu."

"Halafu, afande?"

"Halafu nitamleta fundi."

*

Njia ya Mabawe ilikuwa na utelezi wa mvua ya alfajiri. Mwalimu Leonidas alikuwa uani akikata majani makavu ya migomba, kofia kichwani, shati limefungwa hadi shingoni kama siku zote. Alikuwa mzee aliyenyooka, wa kuheshimiwa kanisani na kilabuni pia, jambo ambalo si wengi wanaliweza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Scola. Mbona na gari la serikali? Umekuja kunikamata?" Alicheka mwenyewe. Akamketisha sebuleni chini ya picha za familia. Mama yake Scolastica, marehemu Deodata, akiwa na kanga ya harusi. Scolastica siku ya kuhitimu upolisi. Na mdogo wake Priscila, mwalimu huko Biharamulo, akiwa amezungukwa na wanafunzi wake. Priscila alikuja nyumbani akiwa mdogo wa kubebwa. Waliambiwa ni mtoto wa shangazi aliyefariki Biharamulo, naye akawa wa mle mle, hakuna aliyetofautisha.

"Nimekuja kuomba msaada wako, baba. Mashine ya Ukoo Mmoja. Kurasa za msaada hazifunguki."

Mzee alichukua kikombe, akakiweka bila kunywa. "Yule mwanamke wa Burundi bado yupo?"

"Yupo. Amekaa barazani."

"Hajakata tamaa?"

"Hajakata."

Scolastica alisubiri. Auleria alikuwa rafiki wa baba yake tangu enzi za kambi. Alimpikia Deodata alipougua, akakesha naye hadi alipokufa, na sasa alikuwa analala chini kituoni. Mtu mwingine yeyote angemuulizia Auleria kwanza. Chai ikapoa, na baba yake hakumuulizia.

"Koplo wangu ameshindwa," aliendelea. "Kesho mashine inapelekwa Bukoba kwa wataalamu. Watakwangua kila kilichomo."

"Bukoba!" Mzee alisimama. "Vijana watakuja kuiharibu tu. Wataifungua kama kuku. Ngoja nivae koti. Nitaiangalia mimi kabla haijaondoka."

Njia nzima alizungumzia bei ya mbegu na kwamba Priscila ameahidi kuja Pasaka. Scolastica aliitikia ndiyo, ndiyo. Alikuwa akiomba kimoyomoyo baba yake afike pale, akae, ahangaike na mashine kama Wiston alivyohangaika, aseme, "Mwanangu, hii imenishinda." Angembusu mikono.

Walipofika, mzee aliingia kwa mlango wa nyuma. Hakupita barazani. Alisema ni kwa sababu ya tope.

*

Auleria alikuwa amerudishwa kituoni. Wiston alikuwa chumba cha pili, mlango wa kati umerudishwa bila kufungwa.

Mwalimu aliketi, akapuliza vumbi kwenye kibodi, akavaa miwani. "Niagizie chai, mwanangu. Kazi hii itachukua muda."

"Chai inakuja, baba. Endelea tu."

Alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kunusa sabuni kwenye kola ya koti lake.

Mtu asiyejua kitu kilipo huuliza. Wiston aliiuliza mashine folda baada ya folda, nusu ya asubuhi. Mwalimu Leonidas hakuuliza. Alitazama nyuma mara moja, akaona uso wa binti yake haumwambii kitu, akaanza kuandika. Vidole vyake vya kuvimba viungo vilikwenda moja kwa moja, folda, ndani yake folda, ndani yake ile isiyoonekana, bila kukosea herufi. Alitaka kuzirudisha kurasa haraka, chai haijaja, kisha aseme ilikuwa hitilafu ya umeme. Akabonyeza.

Mashine ikajibu kwamba hakuna faili hata moja.

Akaandika tena, taratibu zaidi. Jibu likawa lile lile. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa, akatazama kioo muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, akasema kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Nani ameyatoa hapa?"

Scolastica akashika mgongo wa kiti.

"Mimi," alijibu. "Nimeyahamisha mimi, baba. Sasa niambie nani aliyaweka."

Mikono ya mzee ilibaki juu ya kibodi. "Nilikuwa nakisia tu."

"Folda tatu, moja imefichwa, na umekisia kwa mara ya kwanza?"

"Mashine hii naijua, Scola. Ni mimi..."

"Ni wewe uliyeandika msaada. Ni wewe uliyemfundisha Auleria asome ukurasa wa mbele na wa nyuma. Alikupigia simu kukuambia jina limepatikana, afurahi nawe, na jioni ukaja na kitambaa cha vumbi." Akakionyesha kiti kwa kidole. "Uliketi kiti hiki hiki ukaandika 'usiogope'. Halafu ukamwelekeza mwenzako shimoni, hatua kwa hatua."

"Ningeyarudisha. Mambo yakipoa ningeyarudisha yote mahali pake. Sikupoteza hata herufi."

"Na Auleria ungemrudisha kutoka wapi? Gerezani Biharamulo?"

"Wangemwachia. Ni mtu mzima, wangesema amekosea."

"Amelala chini, baba. Hata leo nyumbani hukuuliza jina lake."

Mzee alifumba macho. Nje, barazani, mtu alikohoa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na Mwalimu Leonidas akaisikia. Mabega yake, yaliyosimama wima maisha yake yote, yakashuka.

"Irakoze yuko wapi?" Scolastica aliuliza. "Mashine imeshasahau. Aliyebaki na kumbukumbu ni wewe."

"Mama yako alikuwa amezika mtoto," alisema. "Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Alikuwa hali chakula, hasemi. Nikaja hapa kazini, nikaona kile kitoto kwenye foleni, hakina mtu. Wakaniambia kaa nacho kwa muda, mpaka ndugu zake wapatikane. Nikamletea Deodata. Jioni ile alikula."

"Ndugu hawakuja?"

Mzee alivua miwani tena.

"Baba. Hawakuja?"

"Alikuja mjomba wake. Mwaka ule ule. Alisimama hapo dirishani akataja jina." Mwalimu akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Nilimwambia hayupo kwenye mashine."

Scolastica alikuwa amejiandaa kwa uongo wa juzi. Huu wa pili, wa umri wa mtu mzima, ulimkuta hana ngao. Utoto wake wote ulipita mbele yake ukiwa umechafuka. Shangazi wa Biharamulo waliyemwombea kila Novemba, misa waliyomlipia, kaburi ambalo siku zote lilikuwa mbali mno kulitembelea. Hapakuwa na shangazi. Walikuwa wamepiga magoti wote wanne, watoto kwa imani na baba akijua.

"Sema jina," alisema.

"Unalijua."

"Nataka ulitamke wewe."

"Priscila," alisema mzee, na ndipo akalia.

Mlango wa kati ulifunguka. Wiston aliingia, kofia mkononi, hajui atazame wapi.

"Umesikia, Koplo?"

"Nimesikia, afande."

"Mchukue maelezo wewe, kituoni, kwa utaratibu. Mimi siwezi kuligusa tena jalada hili. Nitampigia Mkuu aweke mpelelezi mwingine. Na mwambie msimamizi wa zamu amtoe Auleria mahabusu, akae ofisini, kwenye kiti, apewe chai, akisubiri Mkuu asaini aachiliwe."

"Pingu, afande?"

Scolastica alimtazama baba yake, koti lake zuri, viatu vyake vyenye tope la uani. "Auleria alifungwa," alisema.

Mzee alitoa mikono mwenyewe. Alipofika mlangoni aligeuka. "Scola. Usimwambie mtoto. Mimi nifungeni mnavyotaka, lakini yeye mwacheni na baba yake. Nimemlea vizuri. Nani atasema sikumlea vizuri?"

"Hakuna atakayesema," alijibu Scolastica. "Ndicho kinachoniuma."

Alipobaki peke yake, aliizima mashine. Akampigia Mkuu, akaeleza kwa maneno machache, akapokea "pole sana" moja. Kisha akatoka barazani.

Nizigiyimana alisimama. Bizimana naye akasimama, tayari kukalimani. Scolastica alimtazama yule mama usoni kwa mara ya kwanza bila haraka. Kipaji cha uso kile, na ile namna ya kuinamisha kichwa upande mmoja anapongojea jibu, alikuwa akiviona mezani kwao miaka yote. Alikuwa mpelelezi, na hakuwahi kuuliza.

Hakuweza kumwambia kabla Priscila, mwenye maisha hayo, hajajua. Akasogea hatua chache, akapiga simu Biharamulo. Makelele ya watoto wa shule yalisikika kabla ya sauti.

"Dada! Subiri nitoke darasani. Haya, nambie. Kwema? Baba mzima?"

"Mzima."

"Mbona sauti hivyo? Dada, unanitisha."

Neno la kumpoza lilimfikia Scolastica mdomoni lenyewe. Ndilo walilolelewa nalo wote wawili, la usiku wa radi, la siku ya mtihani, la siku mama yao alipozikwa. Usiogope. Akalimeza.

"Panda basi la kwanza uje Ngara," alisema. "Usipite nyumbani, wala usimpigie baba. Njoo moja kwa moja kwangu."

Alikata simu. Nizigiyimana, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni, alikuwa amemwona anavyolia. Akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi akae.